Posti-baki yangu: nyota tatu, na swali ambalo sikuuliza

Huku Marekani udaktari huusomi ukitoka kidato cha sita kama wanavyofanya Muhimbili. Kwanza uwe na shahada, yoyote ile, tena uwe umepita biolojia, kemia, kemia ya ogania na fizikia pamoja na maabara zake, halafu ukae mtihani wa MCAT. Shahada yangu mimi ni ya uhasibu. Fizikia tuliagana kidato cha nne, na hatukuagana vizuri.

Hamu ilinianzia hospitalini, nilikokuwa nakalimani usiku kwa wagonjwa wa Kiswahili, wengi wao wakimbizi wa Kongo. Ndipo nikaanza kutafuta posti-baki, yaani programu ya maandalizi kwa wenye shahada.

Ziko za namna mbili. Kuna za watu kama mimi, ambao sayansi hawakuisoma kabisa. Za vyuo vya Bryn Mawr na Goucher ni za aina hiyo. Nyingine ni za waliosoma wakapata alama mbaya. Jamaa yangu alijichanganya hapo, ada ya maombi ikapotea. Na wa kundi la pili ajue kwamba AMCAS, mfumo unaopokea maombi, huhesabu alama ya kwanza na ya marudio. Kurudia somo hakufuti kitu.

Ningeweza kusoma somo mojamoja chuo cha jamii kwa bei ndogo sana. Kilichonishinda ni ratiba. Ogania huigusi kabla ya kumaliza kemia ya kwanza, kwa hiyo ukikosa nafasi darasani muhula mmoja, unaweza kukaa mwaka mzima ukingoja. Kwenye posti-baki nafasi yangu ilikuwa imetengwa, na masomo yote niliyamaliza kwa miezi 15. Hilo walilitimiza, siwezi kuwasema. Mshauri pia alikuwa mtu wa kujibu simu. Kwa MCAT walitusaidia kidogo tu: saikolojia na sosholojia, ambazo zina sehemu yake nzima kwenye mtihani, nilijisomea mwenyewe kwenye basi.

Sasa kilichonikera. Siku ya kutembelea chuo tuliambiwa kwamba zaidi ya 90% ya wanafunzi wao huingia shule ya udaktari. Mimi mhasibu mzima, kazi yangu ni kuuliza namba imetoka wapi, nikapiga makofi na wenzangu! Kumbe asilimia ile inahesabiwa kwa waliopewa barua ya kamati peke yao, yaani barua ambayo kamati ya chuo huandika kukupendekeza kwa shule za udaktari. Tulianza 24. Wakati wa barua ulipofika tulikuwa 15. Wale tisa wengine waliambiwa kwa upole wangoje mwaka mwingine, au wakaondoka wenyewe baada ya ogania. Na kuomba bila barua hiyo ni kujitafutia maswali, maana shule nyingi zikijua chuo chako kina kamati, zitauliza kwa nini haikukuandikia.

Kwa hiyo ukipiga simu, uliza hivi: walioanza walikuwa wangapi, na kati ya hao hao, wangapi wameingia? Kisha uulize alama ya chini ya kupewa barua, wakuandikie kwa barua pepe.

Uliza pia mikataba yao na shule za udaktari. Ukiingia kwa mkataba unaruka ule mwaka wa kusubiri kati ya kuomba na kuanza, lakini kwa kawaida unaahidi kutoomba kwingine mpaka shule hiyo ikujibu, na masharti ya alama ni makali. Mimi niliogopa, sikuchukua.

Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya ile 90%. Barua nilipewa. Fomu nimetuma Juni, na nikibahatika nitaanza Agosti ya mwaka ujao. Usiku bado nipo wodini, nakalimani.