Kupanga Amu mjini au Shela?

Anayehamia kisiwani Lamu na watoto wa shule, mimi ningemwambia apange nyumba Amu, yaani Lamu mjini. Hospitali ya King Fahd iko huku huku, soko liko kando ya Ngome, na shule mtoto anaiendea kwa miguu. Kelele zipo, na vichochoroni lazima uwapishe punda waliobeba mchanga na mawe ya kujengea.

Shela ni kijiji cha pwani kiasi cha kilomita 3 kusini mwa mji. Kwa upepo na utulivu haina mpinzani, na maji ya visima vyake ni matamu: yale machuguu ya mchanga huhifadhi maji ya mvua, na mji wa Amu nao hunywa kutoka huko. Lakini kodi! Nyumba nyingi zimewekewa wageni. Disemba mwenye nyumba akipata mtalii, wewe huna lako. Halafu piga hesabu ya nauli ya boti ya kwenda mjini kila siku. Kutembea pwani ni bure, ila maji yakijaa utavua viatu ukunje suruali, na mtoto atafika darasani sare imerowa. Mtu akiugua usiku, ni kwenda kumwamsha nahodha.

Asiye na watoto, mwenye kazi hotelini, huyo aende Shela tu.