Kadi ya bima ya afya ya kampuni binafsi, mwaka mzima Kigoma: nyota 3 kati ya 5

Nimeanza kuitumia mwezi wa nne mwaka jana, mi, mama watoto na watoto wawili, kampuni siitaji. Kwa malaria na vipimo vya kawaida haina shida kabisa, unafika mapokezi unatoa kadi unaweka kidole, dawa unachukua dirishani hutoi hata mia. Kuna siku mdogo kachemka saa nane usiku, tumeenda katibiwa na tumerudi nyumbani Mwanga hata adhana ya alfajiri bado.

Sasa uzazi. Mwezi wa 12 mama watoto ana mimba ya miezi sita, dada wa mapokezi kaangalia kompyuta, kanyamaza, kanigeuzia skrini nione mwenyewe: uzazi unasubiriwa miezi 12, imebaki minne. Piga hesabu, mtoto anakuja wa tatu, bima inafunguka wa nne. "Kaka, hii itabidi mjipange na keshi."

Na yule wakala alivyonifuata Kibirizi, nimesimama kwenye dagaa mikono inanuka samaki, alisema inakava kila kitu! Nimeenda kuchomoa mkataba kabatini, ukurasa wa 9, herufi kama sisimizi, na Kiingereza juu, kweli ipo. Kwa hiyo kampuni haijavunja mkataba, ila hela yangu imetoka kwa maneno ya wakala sio kwa ule ukurasa.

Wengi hatujui, hizi kampuni na mawakala wao wako chini ya TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, kwa Sheria ya Bima ya 2009, wakala bila leseni haruhusiwi kuuza, muombeni awaonyeshe kabla ya kutoa hela. Ukidhulumiwa unaanza kuwaandikia kampuni, wakikuzungusha unapanda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sawa, ila mi wakala wangu leseni alikuwa nayo! Mtaji wa kampuni unakaguliwa, leseni inakaguliwa, yale maneno ya pale kwenye dagaa nani anayakagua? Kama miezi ya kusubiri ingelazimishwa ikae ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, nisingeandika haya.

Niliwaandikia, wakajibu meseji ya pole basi. Keshi nimelipa, mtoto wa kike, na kadi nimelipia tena sababu ya hao wakubwa. Huyu mchanga nimewauliza anaingia lini kwenye kadi, wakala kapiga simu kusema "haraka tu bosi", nimemwambia aniandikie.