Unamnunulia dogo mashine ya gemu? Uliza kwanza gemu ipo wapi

Kila Krismasi ikikaribia ndugu wanaanza kupanda kuja Moshi na Arusha na mimi naanza kuulizwa, anko, tununue mashine gani ya gemu, sasa naandika hapa moja kwa moja.

Mimi naamini mashine mpya lazima ije na gemu yake. Nintendo walilijua hili kitambo, Game Boy, mashine yao ya mkononi, ilivyoingia Marekani 1989 ilikuja na Tetris, na Wii ya 2006 ikaja na Wii Sports karibu kote isipokuwa Japani na Korea Kusini, ikawa hadi mabibi wanacheza tenisi sebuleni. Boksi linafunguliwa, watu wanacheza, basi.

Ila siku hizi "ina gemu ndani" inaweza kumaanisha kikaratasi chenye namba za kupakulia, na hicho kiliniumiza. Nilimnunulia mtoto wa dada kwenye duka moja mjini, asubuhi ya sikukuu tunaingiza namba, inasema imeshatumika. Mtoto alikaa anaangalia skrini tu, mpaka leo roho inaniuma.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni PS5 (PlayStation 5 ya Sony) yenye sehemu ya CD. Astro's Playroom imo ndani tayari, haina malipo wala bando, na ni gemu tamu kweli sio tangazo, inakufundisha padi yote. Halafu CD ina faida kwetu sisi, unanunua iliyotumika, ukiichoka unamuuzia chalii mwingine au mnabadilishana. Ukichukua ile isiyo na CD ukaja kununua kifaa cha kusomea CD baadaye, jua mara ya kwanza kinataka intaneti ili kisajiliwe.

Namba mbili PS4 used. Ni ya 2013 lakini kwa mpira inatosha sana (FIFA imekuwa EA Sports FC toka 2023, sisi bado tunaita FIFA). Hapa usipoteze nguvu kuomba apunguze elfu kumi, omba akuongezee CD mbili. Na usiondoke dukani kabla hujacheza dakika kumi, sikiliza feni kama inanguruma, angalia CD inasomwa, achia padi mezani uone kama mchezaji anatembea mwenyewe, akitembea hiyo padi imechoka.

Namba tatu Switch 2 ya Nintendo, ya mwaka 2025. Marekani ilianza dola 449.99 peke yake na 499.99 ikiwa na Mario Kart World, wakati gemu hiyo kivyake ilikuwa 79.99, kwa hiyo boksi la pamoja lilikuokolea dola 30. Na umeme ukikatika unaendelea kucheza mkononi, kwa huku hilo sio dogo. Tatizo gemu ya kwenye hilo boksi ni ya kupakua, zaidi ya GB 20, na huwezi kuiuza. Halafu Welcome Tour ya kukutambulisha mashine yenyewe waliiuza dola 9.99, hapana jamani, ile ilitakiwa iwe bure.

Mwisho Xbox Series S, haina CD kabisa, kama nyumbani huna faiba achana nayo.

Na ukikuta boksi ambalo gemu yake ni ya namba za kupakulia, washa hotspot pale pale dukani, ingiza namba, gemu ikianza kushuka ndo utoe hela.