Laptopu ya gemu kwenye joto la Dodoma: nyuzi 97 juu ya nyuzi za mama

Niliinunua Kariakoo mwishoni mwa Oktoba kwa shilingi 3,150,000, baada ya kujibana karibu mwaka mzima. Jina la kampuni naliacha, maana nitakayosema yanaigusa karibu kila laptopu ya gemu ya bei hii. Ndani ina prosesa ya Intel Core i7 ya kizazi cha 13, kadi ya picha ya Nvidia RTX 4060, ramu ya GB 16 na kioo cha hezi 144. Mchana nahariri video za harusi na sendofu, usiku nacheza mpira na mbio za magari. Sasa ni mwezi wa nane niko nayo.

Dukani kulikuwa na kiyoyozi. Kijana wa duka aliiwasha, akafungua gemu ya magari, tukaitazama dakika tano hivi. Feni hata hazikusikika vizuri kwa kelele za mtaa. "Hii bosi hata uipeleke jangwani," akaniambia. Nikamjibu naipeleka Dodoma. Akacheka, na mimi nikacheka, nikalipa. Jioni hiyohiyo nikapanda treni ya mwendokasi, begi nimelipakata kama mtoto anayetoka kliniki.

Chumba changu kiko Ilazo. Juu bati, chini yake jipsamu, dirisha moja tu na linatazama magharibi. Anayekaa mji huu anakijua kile kipindi cha Novemba kabla mvua hazijafungua: bati linakunywa jua tangu asubuhi, halafu jioni, wakati nje kumeanza kupoa, ndiyo linaanza kulitapika humo ndani. Saa moja usiku kipimajoto changu cha ukutani kilikuwa kinasoma nyuzi 32.

Nikacheza. Dakika kumi za kwanza, raha tupu. Kufika ya ishirini feni zikapanda ghafla, na hewa inayotoka ubavuni ikawa ya kuchoma, ile ya kuondoa mkono. Vitufe vya W, A, S na D, ambavyo ndivyo vidole vinakaa muda wote, vilikuwa vya moto kama sufuria iliyotoka jikoni dakika tano zilizopita. Halafu gemu ikaanza kukwama: fremu, yaani zile picha zinazopita kiooni, zilikuwa 110 kwa sekunde, zinashuka hadi 60, zinapanda, zinashuka tena. Nikapakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, nione kuna nini. Prosesa nyuzi 97, kadi ya picha 86.

Sikulala vizuri. Milioni tatu na ushee, siku ya pili tu, na namba zinakaribia maji ya kuchemka.

Asubuhi nikampigia yule kijana wa duka. "Bosi, hiyo ni kawaida ya gemu. Usiangalie hizo namba, utapata presha." Nilikasirika sana. Leo nasema alikuwa na nusu ya ukweli, ila aliutoa kwa uvivu. Prosesa hizi za Intel za laptopu zimewekewa ukomo wa nyuzi 100. Ikikaribia hapo haiungui, inajipunguza kasi yenyewe ili ishuke. Kadi ya picha nayo ina ukomo wake, wa chini kidogo. Kwa hiyo kule kukwama kulikuwa ni mashine inajilinda. Nusu aliyoiacha ni hii: mashine inayojilinda kila usiku inakupa kasi ya mashine ya bei ndogo, na wewe ulilipa ya bei kubwa. Tena betri iko humohumo ndani, na betri haipendi joto hata kidogo.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na ni la aibu. Mama yangu anakaa Kondoa, na mkono wake kwenye kufuma haujatulia tangu nikiwa mdogo. Nilipohamia Ilazo alinipa kitambaa cheupe cha meza, maua katikati, pindo la pembetatu. Laptopu niliiweka juu yake kwa heshima zote. Siku moja nikaiinua ikiwa inafanya kazi, na kitambaa kikainuka nayo. Kimenasa kabisa. Feni zinavuta hewa kutoka chini, na matundu ya kuvutia yalikuwa yameng'ang'ania maua ya mama. Nilikuwa nimeiziba pua kwa mkono wangu mwenyewe, halafu namlaumu muuzaji.

Nikakitoa. Nikachukua vifuniko vinne vya chupa za maji, nikavigundisha viwili viwili, nikaviweka chini ya pembe mbili za nyuma ili iinuke kama sentimita mbili na nusu. Mchezo uleule, muda uleule wa jioni: prosesa 91, kadi 80. Nyuzi sita kwa vifuniko vya maji! Kama una laptopu ya aina hii na bado imelala bapa mezani, acha kusoma kwanza, nenda katafute vifuniko.

Sasa nije kwenye pesa niliyoipoteza. Kila unayemuuliza anakwambia nunua pedi ya kupozea. Nikanunua, elfu 65, feni tano na taa za kila rangi. Usiku chumba kikawa kama ukumbi wa harusi nilizotoka kurekodi. Nikapima siku tatu: joto likashuka nyuzi moja, mbili siku nzuri. Nilipozipindua zote mbili ndipo nikaelewa. Feni za pedi zimekaa katikati, na matundu ya laptopu yangu yako juu kabisa karibu na bawaba. Ile pedi ilikuwa inapuliza plastiki. Zaidi ya hapo, ilikula tundu moja la USB na ikawa inapandisha vumbi la mezani kwenda tumboni kwa mashine. Siwezi kusema pedi zote ni mbovu, ninachosema ni geuza laptopu yako uangalie matundu yako wapi kabla hujatoa hela. Pedi yangu sasa anaitumia mdogo wangu kama taa ya kusomea, na haijalalamikiwa.

Kilichonisaidia kweli kilikuwa bure, na kilikuwa ndani ya mashine. Laptopu hizi zinatoka kiwandani zimepangwa kukimbia mbio zote, muda wote. Gemu ya mpira ilikuwa inatoa fremu 140 kwa sekunde wakati macho yangu, nasema ukweli, hayaoni tofauti yoyote ya maana baada ya 75. Nikaingia kwenye mipangilio ya Nvidia, nikaweka ukomo wa fremu 75. Umeme unaoliwa na kadi ya picha ukashuka kutoka wati 100 na kitu hadi 60 na kitu, na joto lote ni huo umeme tu, hakuna uchawi mwingine. Ukila kidogo unatoka jasho kidogo. Kadi ikashuka hadi 71.

Prosesa ndiyo iliyokuwa mkaidi. Prosesa hizi zina ile nguvu ya ziada inayoitwa turbo: zinaruka kasi kwa muda mfupi, zinapata moto, zinashuka, zinaruka tena. Kwa gemu ninazocheza, ile kuruka haina faida kubwa. Ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya kina ya umeme, kuna sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa. Ukiitoa asilimia 100 ukaweka 99, turbo inazimika. Asilimia moja tu. Mashine nyingine zimeificha sehemu hiyo, kwangu ilikuwepo. Nilipobadilisha nikarudi kwenye gemu, nikatazama namba: 74. Nikafikiri HWiNFO imeganda. Nikaigusa W kwa kidole, ya uvuguvugu.

Ila haikuja bila gharama. Video ya sendofu ambayo zamani ilitoka kwa dakika 11 sasa inatoka kwa 16. Kwa hiyo nimetengeneza mipango miwili ya umeme, mmoja wa kazi wenye turbo na mmoja wa gemu usio nayo, na nabadilisha kulingana na ninachofanya. Wakati wa kazi ikifika 92 siumizi kichwa, maana ni dakika chache kisha inapumzika. Kupunguza volti za prosesa nilijaribu pia, nikakuta mashine yangu imefungiwa, nikaachana nayo.

Kuna kitu kimoja sijaona kikisemwa. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, kama sehemu moja ya kumi hivi imepungua. Feni inazunguka vilevile, inasukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu kidogo. Si jambo la kukosesha usingizi, labda nyuzi mbili tatu. Upande wa pili, usiku wetu unapoa, na hapo tunawashinda watu wa pwani mchana kweupe. Nikifungua dirisha saa mbili, kufika saa nne chumba kimeshuka kutoka 32 hadi 26, na prosesa inashuka nayo karibu nyuzi kwa nyuzi. Nimehamisha muda wangu wa kucheza kutoka saa moja kwenda saa nne. Tatizo likahamia kwa jirani. Mama mpangaji wa chumba cha pili alinisimamisha bombani asubuhi moja: "Baba, samahani, hivi kila usiku saa nne unakausha nywele? Maana nakuona una kipara." Baada ya turbo kuzimwa hajauliza tena.

Dirisha wazi linaleta hewa, na linaleta vumbi. Hapa hakuna namna. Wavu wa mbu unazuia mbu. Ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu yake kwa kidole, na kile kipindi cha visulisuli mchana kutwa usiseme. Mwezi wa tatu wa matumizi namba zilianza kupanda zenyewe, nyuzi tano zaidi bila mimi kubadilisha chochote.

Nikaenda kwa fundi mmoja pale karibu na soko la Majengo. Tulikuwa tumeshaonana. Novemba, wakati wa presha zangu, nilimpelekea na hata hajaiwasha akasema, "Tuifungue kaka, tubadilishe pesti, elfu arobaini." Pesti ni ule uji unaokaa kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Mashine ya wiki tatu, stika ya waranti haijaguswa! Nilikataa, akasema sawa, ila utarudi. Basi Februari nikarudi. Hakunicheka, ingawa nilistahili. Nikaangalia waranti yangu kwanza, ilikuwa inaruhusu kusafisha, ndipo nikamwachia.

Alipofungua mfuniko wa chini tukaona vizuri. Kwenye yale mapezi ya shaba ambayo hewa inapitia kutokea, kulikuwa na zulia jembamba la vumbi jekundu lililoshikana na unyoya wa nguo, limeziba kama nusu ya upana. Alichukua njiti ya meno akaipachika kati ya mapanga ya feni kabla ya kuwasha blowa. Nikamuuliza ya nini. "Feni ukiiacha izungushwe na upepo wa blowa inapita mwendo wake, unaiua mwenyewe." Akapuliza kutoka upande wa mapezi kwenda ndani, kisha kinyume chake, akamalizia na brashi laini. Dakika ishirini, elfu kumi. Pesti hakuigusa, akasema bado iko vizuri, tusubiri mwaka. Fundi anayekataa hela nilimwamini papo hapo. Ule usiku namba zikarudi 75.

Umeme ukikatika sina la kusema sana. Ikibaki kwenye betri inajishusha nguvu, inapoa, na gemu haichezeki, basi nazima nalala. Betri nimeiwekea ukomo wa kuchajiwa asilimia 80 kwa sababu muda mwingi iko kwenye chaja.

Ningeinunua tena? Ndiyo, hiihii, kwa bei hiihii. Ninampa muuzaji nyota mbili kwa jangwa lake, laptopu nyota nne, vifuniko vya maji tano. Nyota moja ya laptopu nimeiondoa kwa vitufe: hata sasa, kwenye kazi nzito, sehemu ya katikati inapata moto kuliko ninavyopenda, na hilo ni umbo lake, halirekebishiki kwa mipangilio.

Sasa ni Juni, upepo wa baridi umeingia, na jana usiku prosesa haikuvuka 69. Mama alikuja wiki iliyopita kutoka Kondoa. Hakukaa hata dakika mbili akauliza, "Mwanangu, kile kitambaa changu kiko wapi?" Nikamwonyesha. Laptopu ilikuwa imezimwa, imefungwa, na kitambaa kimeifunika vizuri, maua katikati, pembetatu zinaning'inia pembeni. Akaridhika. Vumbi kinazuia kiasi tu, kimejaa matundu, lakini hilo sikumwambia.