Yai la omega-3 au yai la trei kwa Mangi?

Ukiyavunja kwenye bakuli huwezi kujua lipi ni lipi. Kiini kilichokolea njano hakithibitishi kitu. Rangi hiyo inatokana na chakula cha kuku, kama mahindi ya njano na majani. Protini ni ileile, gramu 6 hivi kwa yai, na kolini, kirutubisho wanachokihitaji wajawazito, ipo kwenye yote mawili.

Tofauti iko kwenye mafuta ya kiini. Kuku akilishwa mbegu za kitani, mafuta ya samaki au mwani, omega-3, ambayo ni aina ya mafuta, inaingia kwenye yai. Hapo soma boksi vizuri: kitani huongeza zaidi ALA, omega-3 ambayo mwili hugeuza kidogo tu kuwa DHA, omega-3 ile inayojenga ubongo na macho ya mtoto. Samaki na mwani huleta DHA zaidi. Lebo ya “omega-3” peke yake haikwambii hayo.

Asiyekula samaki kabisa, ningemshauri anunue la omega-3. Ila nyumba inayopika dagaa kila wiki? Chukua trei ya kawaida, chenji inayobaki pita nayo soko la samaki la Feri uongeze vibua. Na kama yai lenyewe linaishia kwenye chipsi mayai, usijisumbue kabisa.