FRED: nimeitumia wiki tatu kabla ya kuamua kuhama

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Las Vegas. "Kaka, njoo huku, kazi zipo. Ukosefu wa ajira umeshuka sana." Namwamini, lakini nina watoto wawili, na kibarua nilicho nacho kinatulisha. Kabla ya kumjibu nikafungua FRED, hazina ya takwimu za uchumi mtandaoni ya Federal Reserve Bank of St. Louis, moja ya benki za mfumo wa benki kuu ya Marekani. Ipo tangu 1991, na ni bure kabisa.

Ukiandika jina la jiji na kuchagua kiwango cha ukosefu wa ajira, grafu inatokea hapo hapo. Ya Las Vegas inaanzia 1990, na inahesabu wilaya yote ya Clark County, ikiwemo miji jirani kama Henderson. Usiku wa kwanza nilikaa nayo mpaka watoto walipolala. Kuna mlima: mstari unapanda tangu 2007, ujenzi wa nyumba unapoporomoka, unafika kileleni 2010, kisha unateremka taratibu kwa miaka. Halafu kuna msumari. Aprili 2020, makasino yamefungwa kwa sababu ya korona, kiwango kinapita asilimia 30, wakati nchi nzima haikufika 15. Makasino yakaanza kufunguliwa Juni 4. Jiji lile limeegemea wageni. Wageni wasipokuja, watu wanalala njaa, na grafu inakuonyesha hilo waziwazi.

Ila kuna jambo ambalo grafu haikuambii, na hili ningeomba kila anayetafuta kazi alijue. Kwa kawaida, anayehesabiwa kuwa hana ajira ni yule aliyetafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita na yuko tayari kuianza. Chukua watu 100 walio kwenye nguvukazi, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta; 10 hawana kazi: asilimia 10. Watano kati yao wakate tamaa, waache kutafuta. Sasa ni watano kati ya 95, asilimia 5 na kidogo. Kiwango kimeshuka karibu nusu na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa!

Ndiyo maana kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kuongeza mstari wa pili kwenye grafu hiyo hiyo. Niliweka idadi ya ajira zisizo za kilimo, inayotokana na kuwauliza waajiri. Kiwango kikishuka huku ajira zikipanda, hapo kweli kuna nafuu. Kikishuka na ajira zimelala, ngoja kwanza.

Kasoro? Kila kitu ni Kiingereza. Takwimu za majiji huchelewa, na baadaye hurekebishwa. Pia kuna mistari miwili yenye majina yanayokaribiana sana, mmoja umeondolewa athari za msimu, yaani kupanda na kushuka kunakojirudia kila mwaka, na mwingine haujaondolewa. Ukitumia huu wa pili, linganisha Januari na Januari, usilinganishe na Desemba. Mimi ulinichanganya siku mbili nzima.

Naipa nyota nne kati ya tano.

Jumapili nikampigia mdogo wangu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki inayoulizwa kwenye utafiti wa ajira anahesabiwa ana ajira, kwa hiyo sikumuuliza kama ana kazi. Nilimuuliza anapangiwa saa ngapi kwa wiki. Akanyamaza kidogo.

"Kumi na sita, kaka."