Spika za kutoa sauti pande zote: kabla hujalipa, pima ukuta wako

Mwaka jana niliingia hasara. Nilinunua jozi ya spika ndefu za mtumba, zile za kusimama chini zinazotoa sauti pande zote, jina lake naliacha maana kosa halikuwa la spika. Muuzaji aliniwashia kwenye stoo yake, pakubwa kama ukumbi wa harusi, maboksi yamepangwa mpaka juu, zikalia mpaka mwili ukanisisimka. Nafika nazo nyumbani, sebule ya mita 4 kwa 5, chini marumaru, ukuta umepigwa rangi ya mafuta, nikaziweka pale ambapo kila mtu anaweka, moja kulia kwa TV moja kushoto, mgongo unagusa ukuta. Besi ikawa inavuma kama mtu anapiga pipa chumba cha pili na mwimbaji unamsikia kama yuko bafuni.

Kwa hiyo sitakuongelesha wati wala rangi ya mbao, hayo utayaona mwenyewe. Mi naongelea ukuta, kwa sababu hakuna muuzaji anayekuuliza ukuta wako uko umbali gani.

Iko hivi, spika ya kawaida sauti zake za juu inazirusha mbele, hizi zinarusha kote, kwa hiyo zinazoenda nyuma zinagonga ukuta zinarudi. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, spika ikiwa sentimita 20 toka ukutani ile inayorudi inachelewa kama milisekunde 1 tu, inajichanganya na ile ya kwanza na maneno yanakosa makali. Ukiivuta mpaka mita 1 inachelewa karibu milisekunde 6, na hapo ndo utasikia chumba kimefunguka, ule mdonoo wa ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kwenye taarabu unakaa peke yake na violin zinakaa nyuma yake. Nilihamisha zangu jioni nzima, sentimita kumi kumi, tepu ya fundi cherehani mkononi. Kona ndo mbaya kuliko zote maana besi inapata kuta mbili za kuisukuma. Halafu umbali wa kwenda ukuta wa nyuma usilingane na wa kwenda ukuta wa pembeni, vikilingana besi inavimba sehemu moja na kupotea nyingine. Ila spika ya kulia na ya kushoto zenyewe zikae sawasawa, sio moja iko karibu na kabati la vyombo na nyingine iko mlangoni.

Kabla hujanunua simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia ka-ka-ka inakurudia, basi kwanza nunua zulia na pazia zito, spika baadaye.

Sasa zipi. Namba moja kwangu ni Ohm Walsh, na sifichi kwamba nazipenda. Zinatoka Brooklyn, New York, kampuni ilianza 1971 na ubunifu ni wa injinia Lincoln Walsh, koni moja, lile faneli linalotikisika kutoa sauti, imegeuzwa inatazama chini na sauti inatoka kwenye mgongo wa koni, inazunguka pande zote. Kinachonifurahisha ni kwamba hizi za baadaye wameweka kizuizi ndani ya kile kikopo cha juu kinachofunika koni, sauti za juu zinazoenda nyuma zinapunguzwa, kwa hiyo zinavumilia ukuta wa karibu kuliko wenzake wote. Hawa watu walijua nyumba zetu zina makochi! Na wamezitengeneza kwa kufuata ukubwa wa chumba, sio kubwa ndo bora.

Namba mbili Duevel za Ujerumani, hasa Planets. Wufa (ya besi) na twita (ya sauti za juu) vyote vinatazama juu, na juu yake kuna mipira inayotawanya sauti. Nzuri sana, sauti nyepesi, sebule nzima unasikia sawa hata ukiwa unapanga meza. Ila zinataka nafasi nyuma, na koni ikitazama juu vumbi linatua humo humo, kwa hiyo ukimaliza kusikiliza funika na kitambaa.

Bose 901 zilitengenezwa toka 1968 mpaka 2016, kwenye mtumba bado zipo. Sio za pande zote kabisa, zina spika ndogo 9, moja mbele na nane nyuma, zinategemea ukuta makusudi. Bila ile ekualaiza yake, kile kiboksi cha kurekebisha sauti, usinunue hata kwa bei ya chai, besi na sauti za juu hazitoki inavyotakiwa. Na zile za matoleo ya baadaye bonyeza sponji pembeni ya koni, linaoza.

MBL ya Berlin ni ya juu kabisa lakini inataka ampu (mashine ya kukuza sauti) kubwa mno, bei yake unajenga msingi wa nyumba. Zile za bluetooth za minara ya plastiki, hapana.

Kinachoniuma ni wauzaji. Unauliza bei unaambiwa njoo inbox, ukifika inbox bei inategemea umeandika Kiswahili gani. Ukiomba uzipeleke nyumbani siku mbili usikilize unaonekana mwizi, wakati hii ndo aina ya spika ambayo dukani haikuambii kitu. Za kwangu za sasa shemeji alinitumia toka Marekani, VAT asilimia 18 ikapigwa juu ya bei pamoja na nauli ya meli na ushuru wenyewe, yaani nimelipia kodi mpaka usafiri.

Sasa hivi ziko sentimita 70 toka ukutani, nimebandika vipande vya selotepu kwenye marumaru, dada akimaliza kudeki anazirudisha palepale.